Kituo cha Uzazi cha Chovae na Kufuli Lake

Wenzangu wa wodi,

Tangu nirudi, simu haijapumzika. Kila mmoja anauliza yale yale: ulifuata nini Somalia wakati huu wa vita, na ni kweli ulivunja mlango wa watu? Nimesimulia vipande vipande mpaka juzi nikasikia kwa mtu wa tatu kwamba nilikwenda huko na bunduki. Basi naandika yote mara moja, msomeane, na mwenye swali aje nyumbani.

Nyinyi mnanijua kama Maimuna mkunga, niliyezalisha nanyi miaka mingi hapa Mombasa. Baadhi yenu hamjui kwamba nilizaliwa Chovae, kisiwa cha Wabajuni kusini ya Kismayo, na kwamba tulikimbia vita nikiwa na miaka kumi na tisa. Sikuwa nimerudi tangu siku hiyo.

Kilichonirudisha ni hiki. Serikali moja ya ng'ambo ilitoa msaada kujenga kituo cha uzazi Chovae. Serikali hiyo ina ofisi huru ya ukaguzi, isiyo chini ya wale wanaogawa msaada. Kazi yake ni kutazama kama walichokilipia wananchi wao kipo kweli, hata mahali penye vita. Mkaguzi wao, bwana mmoja aitwaye Henrik, alikuwa Kismayo. Alimtafuta mtu anayejua mambo ya uzazi, anayesema Kibajuni na Kisomali, na anayeweza kufika kisiwani bila kutia shaka. Akanipata mimi. Kwenye simu aliniambia kwamba taarifa za mkandarasi zinaonyesha kituo kimekuwa kikifanya kazi kwa zaidi ya mwaka, na kila mwezi wanawake wanajifungulia pale, picha zao zikiletwa kwake.

"Nenda ukaone, kisha uje Kismayo uniambie," akasema. "Swali langu ni moja tu. Je, kituo kinafanya kazi?"

Nilifurahi, sitawaficha. Nilijiona nakwenda kuwaona wanawake wa kwetu wamelazwa kwenye vitanda safi.

Kiunga hadi Ras Kamboni

Habari za vibali na stakabadhi naziruka, zilinichosha mara moja na sitaki zinichoshe tena. Nianzie Kiunga, ambako alinipokea nahodha Lali, Mbajuni wa makamo, mwenye boti ya faiba yenye mashine mbili. Moja ilikuwa nzima, ya pili alikuwa akiibembeleza. Kutoka Kiunga hadi Ras Kamboni si mbali. Tulikunywa chai Kenya, tukafika Somalia midomo bado ina tangawizi.

Pale Ras Kamboni ndipo safari iliposimama. Wanajeshi walitushusha, wakamwaga mkoba wangu juu ya mkeka. Askari mmoja kijana akaokota kile kipaza changu cha mbao, kile cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ambacho nyinyi hunicheka kwamba ni cha kizee. Akakigeuza, akachungulia tundu, akamwita mkubwa wake. Mkubwa naye akachungulia.

"Hii ni ya kupigia nini?" akauliza kwa Kisomali.

"Haipigi kitu. Ni ya kusikiliza."

Nilijuta papo hapo kutamka neno hilo. Katika vita, kifaa cha kusikiliza ni jambo zito. Ilibidi nimlaze yule kijana kwenye mkeka, niweke kipaza kifuani kwake, na nimwambie mkubwa ainame atie sikio. Alisikiliza muda mrefu. Aliponyanyuka uso wake umelainika. "Moyo wake unakwenda mbio," akasema. "Anakuogopa wewe, hooyo." Hooyo ni mama kwa Kisomali. Wote wakacheka, nami nikadhani tumemaliza.

Hatukumaliza. Kipaza nilirudishiwa, dawa zikazuiwa. Nilibeba boksi dogo la vidonge na sindano za kuzuia damu baada ya kujifungua, maana mimi siendi popote bila hizo. Mkubwa yule akasema dawa hazivuki kwenda visiwani kwa sababu zinaweza kufika kwa wapiganaji walioko bara.

"Hizi ni za wanawake waliojifungua," nikamwambia. "Mpiganaji gani atazitumia?"

"Hooyo, sheria haisemi ni dawa gani."

Nilimsihi kutwa nzima. Nililala pale kwa jamaa za Lali, wakatupikia wali wa nazi na pweza, nikaamka nikasihi tena. Boksi likabaki kwenye kabati la askari. Nilijipa moyo: Chovae kuna kituo kizima, dawa nitazikuta huko.

Kudhaa

Tulikusudia kupita Kudhaa bila kusimama, lakini mizinga ilisikika upande wa bara na Lali hakutaka kuendelea. Alinieleza amri iliyopo: boti yoyote inayoonekana baharini baada ya alasiri hupigwa risasi, kwa kudhaniwa inasafirisha wapiganaji. Hakuna anayeuliza kwanza. Kwa hiyo mvuvi hurudi mapema hata kama hajapata kitu, na mgonjwa akizidiwa jioni husubiri kuche, ikiwa atafika akiwa hai.

Tuliposhuka, watu wa Kudhaa walinitazama mimi na mkoba wangu wa hospitali, na kabla sijavua viatu kukawa na mstari wa wanawake mbele yangu. Sikuwaelewa. Mwanamke wa mbele alininyooshea kidole gumba, akakigeuza ili nikione vizuri.

"Umekuja kwa alama ya kidole au kwa picha?" akaniuliza.

"Mimi sikuja kuandikisha mtu."

"Wote husema hivyo," akasema bila hasira, kidole bado kiko hewani.

Nikakaa nao chini. Wakaniambia wameshawekwa alama za vidole kwa ajili ya mashine ya kusafisha maji, kwa nyavu, kwa chakula, kwa mabati. Mashine ya maji ilifika, ikakaa ufukweni siku tatu, ikapigwa picha pamoja na watoto wa chuo cha Kurani, ikachukuliwa kwenda kutengenezwa. Haijarudi. Kila anayekuja huwaomba watabasamu.

"Sasa wewe, ikiwa si alama wala picha, umekuja kufanya nini?" akaniuliza mume wa yule mwanamke.

Nikasema nimetumwa na watu wanaotaka kujua kama vitu viliwafikia.

Alinitazama kwa makini. "Kwa hiyo huko ng'ambo wapo wachu wanaouliza?" Huko kwetu mtu ni mchu, watu ni wachu. "Na jibu hulipata kwa nani?"

Walitupa ng'onda, samaki wa kukaushwa, na ugali mwembamba, wakaomba radhi kwa kukosa zaidi. Nilikula kwa aibu. Siku ya pili mizinga ikanyamaza, tukaondoka alfajiri.

Chovae

Sitawaeleza nilivyojisikia niliposhuka Chovae. Nyumba yetu ni ukuta mmoja wa mawe na mkwaju ulioota ndani. Nilisimama pale kidogo, nikaendelea, kwa sababu kazi iliyonileta ilikuwa inaonekana hata ukiwa baharini: jengo jeupe lenye paa la bati la buluu, sola juu yake, na bango kubwa lenye bendera ya wafadhili. Nikamwambia Lali, "Limejengwa kweli." Lali akajibu, "Naam, limejengwa."

Barazani palikuwa na mlinzi aitwaye Shee, mwanamume wa miaka kama arubaini, amekaa juu ya ngazi na kijiti cha mswaki mdomoni. Mlangoni palikuwa na kufuli la ukubwa wa ngumi.

"Wakunga wako wapi?" nikamuuliza baada ya salamu.

"Wakunga gani?"

"Wa kituo."

"Kituo hakijafunguliwa, mama."

"Hakijafunguliwa leo?"

"Hakijafunguliwa tangu kijengwe."

Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya msikitini. Mkandarasi alimaliza jengo, akaleta vitanda na dawa, akafunga, akaondoka na ufunguo Kismayo. Hakitafunguliwa mpaka mgeni mkubwa kutoka kwa wafadhili aje kukata utepe. Mgeni haji kwa sababu ya vita. Na utepe usipokatwa, ufunguo hautoki.

"Na picha?" nikauliza. "Nimeambiwa kuna picha za wanawake na watoto wao, kila mwezi."

Shee akatoa kijiti mdomoni. "Hiyo ndiyo kazi yangu," akasema. Kila mwezi Injinia Abdi, msimamizi wa kazi za mkandarasi, humtumia ujumbe wa sauti. Naye Shee huwaita wanawake wenye watoto wachanga wakae ngazini, awapige picha na mlango nyuma yao. Kila mmoja hupewa kilo ya sukari. Kisiwa kizima wanaiita siku ya sukari. Watoto wale wamezaliwa majumbani, juu ya mikeka, kama nilivyozaliwa mimi.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nikamwambia, "Na wewe hukuona vibaya?"

Alijibu bibi mmoja aliyekuwa amekuja kunitazama, Bi Khadija, ambaye alikuwa rafiki wa mama yangu na alinitambua kwa sauti. "Mwache, mwanangu. Dadake alivuja damu mwaka jana. Wakamtia botini kumpeleka Kismayo, wakarudishwa na risasi, akafa wakiwa bado baharini. Huyu alikuwa papa hapa ngazini analinda."

Shee aliondoka, akaenda kusimama upande wa pili wa jengo.

Bi Khadija hakuja kwa ajili ya kunitazama tu. Mkaza mwanawe, Zena, alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto hashuki. Alikuwa amesikia kuna mkunga ametoka Mombasa.

Mlango

Nilimkuta Zena amelala kwenye chumba kisicho na dirisha, jasho limemkaukia usoni. Mimba ya nne. Nikaweka kipaza tumboni, nikasikia moyo wa mtoto unakwenda, lakini kwa kuchoka. Kichwa kilikuwa kimekaa vibaya na kibofu kimejaa. Nilihitaji mwanga, mpira wa kutolea mkojo, glavu, na kitanda cha kumkalisha vizuri. Vyote hivyo, kwa mujibu wa taarifa za Henrik, vilikuwa hatua chache kutoka pale.

Nikarudi kwa Shee. "Fungua."

"Ufunguo uko Kismayo, mama."

"Basi vunja."

"Nikivunja kazi yangu imekwisha. Nina watoto watano."

"Sikwambii uvunje kwa mkono wako. Ondoka mlangoni."

Akabaki amesimama. Sauti za wanawake zilikuwa zinakuja nyuma yangu. Walikuwa wamembeba Zena kwenye kitanda cha kamba, kwa sababu Bi Khadija hakungoja kuona kama nimekubaliwa au nimekataliwa. Walipofika wakamtua ngazini, palepale wanapopigiwa picha. Shee akamtazama Zena, akanitazama mimi, akashuka ngazi, akajiendea. Lali alileta mtaimbo kutoka kwa mafundi wa boti. Akapiga mara tatu, na mara ya nne kufuli likaning'inia.

Wenzangu, mngeona chumba kile mngelia. Kitanda cha kujifungulia kipya, bado kimevikwa nailoni. Taa ya kusimama. Glavu maboksi kwa maboksi. Mizani ya watoto ambayo sisi wodini tuliiomba miaka mingi. Friji ya dawa ya kutumia sola, haijachomekwa, waya wake umefungwa kwa kamba kama ulivyotoka kiwandani. Na juu ya friji, si ndani, katoni za sindano za kukaza mji wa uzazi. Dawa ile ikikaa kwenye joto hufa. Ilikuwa imekaa juu ya friji chini ya bati, zaidi ya mwaka.

Tulichana nailoni kwa meno. Nilitoa mkojo, nikamgeuza Zena ubavu, nikamgeuza tena, nikaingiza mkono nikakiweka sawa kichwa cha mtoto. Baada ya adhuhuri akazaliwa, msichana, alichelewa kulia lakini akalia. Kisha damu ikaanza.

Haikuwa damu ya kawaida. Nilichoma sindano za katoni ile, moja, ya pili, nikijua ni maji tu. Mji wa uzazi ukabaki laini kama unga uliozidi maji. Boksi langu lenye vidonge visivyoharibiwa na joto lilikuwa Ras Kamboni kwenye kabati la askari. Basi nikafanya kama tulivyofundishwa kabla ya hizo sindano: ngumi ndani, mkono wa pili juu ya tumbo, nikabana. Nikabana mpaka mikono ikafa ganzi, nami nikaendelea kubana. Bi Khadija alinipangusa jasho lisiniingie machoni. Sijui ulipita muda gani, ila nilisikia alasiri ikiadhiniwa, nikakumbuka ile amri ya boti, nikajua hakuna pa kumpeleka.

Mji wa uzazi ukakaza. Damu ikapungua, ikawa ya kawaida. Zena akaomba maji.

Nilipotoka nje nilikaa sakafuni barazani. Shee alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Alikuwa amempiga picha mtoto mikononi mwangu, kitanda nyuma yetu. Sikufikiri kitu. Nilidhani amefurahi kama wengine.

Nilikaa Chovae siku tatu mpaka Zena akaweza kusimama. Nikaandika maneno ya wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na jina lake na mahali alipojifungulia. Siku ya kuondoka Shee alinifuata hadi botini.

"Ile picha niliituma kwa Injinia," akasema. "Aliniuliza kuna habari gani, nikatuma. Nilikuwa nimeshazoea."

Kisha akanihamishia kwenye simu yangu ujumbe wote wa sauti aliowahi kutumiwa, pamoja na nambari ya mtumaji. "Wape," akasema. "Nao wamsikie."

Kismayo, ndani ya ukuta

Henrik alikaa kwenye kambi ya uwanja wa ndege, nyuma ya magunia ya mchanga na kuta za zege. Nilipekuliwa mara nne kabla ya kumfikia. Ni mwanamume mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala. Chumba chake ni kontena lenye kiyoyozi. Alinikaribisha chakula: samaki wa kopo, ametoka Ulaya kwa ndege. Nje ya ukuta ule mji mzima unakula jodari wa asubuhi.

Nilikuwa bado sijafungua mdomo aliponigeuzia kompyuta. Pale palikuwa na picha yangu, mtoto wa Zena mikononi, kitanda nyuma. Chini yake pameandikwa kwamba kituo cha Chovae kinaendelea kutoa huduma, na kwamba mkunga mwenye uzoefu yuko zamu.

"Imeletwa na mkandarasi," Henrik akasema. "Nilifurahi sana kuiona."

Injinia Abdi alikuwa amekaa pembeni, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi. Akainuka kunisalimu kwa heshima zote. "Mama Maimuna, Mungu akulipe. Umeokoa maisha katika kituo chetu."

Nilimwambia Henrik kila kitu. Kufuli, siku ya sukari, friji, dawa iliyokufa, dada yake Shee. Abdi alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza kwa upole, "Mama, mtoto alizaliwa ndani ya jengo au nje?"

"Ndani."

"Kwenye kitanda tulichokileta?"

"Ndiyo."

"Glavu ulizovaa zilitoka wapi?"

"Humo humo."

Akamgeukia Henrik. "Basi kituo kinafanya kazi. Kufuli lililovunjwa sisi hatutalidai, tunaelewa ilikuwa dharura."

Henrik akatazama fomu yake. Ilikuwa na swali lile lile aliloniuliza kwenye simu, na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Akasema kwa sauti ya kuona haya, "Kwa namna fomu ilivyo, siku uliyokuwapo wewe huduma ilitolewa."

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, na wanaonijua wanajua si tabia yangu. "Umekaa Kismayo muda gani?"

"Miezi saba."

"Umewahi kuiona bahari?"

"Kutoka kwenye ndege." Akaeleza kwamba sheria za usalama za serikali yake hazimruhusu kupita lango.

"Basi wananchi wenu walikutuma uwe macho yao, na unachokiona ni picha alizopiga anayekaguliwa. Wanawake wa Chovae wangekupa jibu kwa siku moja. Hakuna aliyewauliza, kwa sababu ya hatari. Wao wanazaa katika hatari hiyo hiyo, na kwao hakuna ukuta."

Abdi akasema nina uchungu kwa kuwa ni kwetu, na kwamba mlinzi asiyejua kusoma anaweza kusema lolote. Nikatoa simu, nikaweka ujumbe wa kwanza. Sauti ya mwanamume, Kisomali safi: waite wanawake, wakae ngazini, watoto waonekane, kufuli lisionekane. Nikamtafsiria Henrik. Nikaweka wa pili, na wa tatu.

"Hiyo si sauti yangu," Abdi akasema.

Sikubishana naye. Nikaipigia ile nambari aliyonipa Shee. Simu ikatetemeka ndani ya mfuko wa shati lililopigwa pasi, ikaendelea kutetemeka, na sisi watatu tukawa tunaitazama. Abdi hakuigusa. Henrik ndiye aliyesema, kwa upole wake ule ule, "Tafadhali pokea."

Abdi akasimama akatoka. Henrik akaifuta fomu, akafungua ukurasa mtupu, na tukaandika hadi magharibi. Alitaka kila neno la wale wanawake kumi na mmoja, na pale aliposhindwa kuelewa aliniomba nirudie. Mambo ya Kudhaa pia aliyaandika. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nikamheshimu.

Nyumbani

Nilirudi kwa ndege, na ya ndege hayana hadithi. Nilidhani kazi imekwisha na haki itafuata.

Wiki chache baadaye Henrik alinipigia akiwa kwao. Serikali yake imeipunguza ofisi ile ya ukaguzi kwa kusema kwamba vita vimefanya ukaguzi uwe ghali, naye ni mmoja wa waliorudishwa. Taarifa yetu imepokelewa. Nilimuuliza kupokelewa maana yake nini, imesomwa, imejibiwa, kuna mtu ameitwa? Akasema imepokelewa tu, na ametunza nakala, na ameipeleka kwa wabunge wawili wa kwao bila kuomba ruhusa ya mtu. Huenda ikamponza. Nilimwambia amefanya vyema. Msaada unaendelea kutoka, ila wa kuutazama ameondolewa, na sababu iliyotolewa ni vita vile vile vilivyofanya ahitajike.

Wiki mbili zilizopita Shee naye akapiga. Chovae mtandao hupatikana ukipanda juu ya mwamba wa kaskazini, na upepo ulikuwa unampiga, nikalazimika kumwambia arudie. Yeye si mlinzi tena, amefukuzwa. Watu wa mkandarasi walikuja na boti, na komeo jipya la chuma, waufunge mlango. Wakamkuta Bi Khadija amekaa kizingitini, na nyuma yake wanawake wamejaa chumba kizima, Zena yumo na mtoto mgongoni. Wakaambiwa watoke. Bi Khadija akawaambia, "Nyinyi mliandika kwamba tunazaa humu. Sasa tunazaa humu." Wale mafundi walisimama juani mpaka saa ya boti kurudi ikakaribia, wakapakia komeo lao wakaenda.

Friji sasa imechomekwa, Shee aliisoma picha ya maelekezo akaiwasha mwenyewe. Inafanya baridi na ndani yake hamna kitu. Wanawake wawili wanatarajia kujifungua kabla ya mfungo, na mkunga hakuna.

Nimeshazungumza na Lali, ananingoja Kiunga Jumamosi. Dawa safari hii zitakwenda na barua ya mkuu wa wilaya upande ule, niliyoifuatia siku tisa, na yule askari akikataa nitakaa kwenye mkeka wake mpaka achoke yeye. Kazi hii si yangu. Ni ya waliolipwa waifanye, na kila nitakayemzalisha nitaandika jina lake, siku yake, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo. Nahitaji sindano za kuzuia damu, boksi la barafu, na mtu mmoja kati yenu aliyestaafu, ambaye magoti yake bado yanapanda boti. Aniambie kabla ya Alhamisi.

Maimuna